Mpishi Aliyewauliza Wawindaji

Miezi kumi na moja ya mwaka ndevu zake zilikuwa nyeupe, na mwezi mmoja zilikuwa nyekundu. Ukiziona nyekundu ujue joto la Jeddah limeanza kuchoka, wazee wa Kisaudia wanatazama angani kuitafuta nyota ya Suheli, na Bosi wetu ameshaanza kuwapigia marafiki zake simu kuulizana nani ana kipanga gani mwaka huu. Hapo ndipo Mpishi alipojifungia katika chumba chake cha uani, kule Aziziya, na bakuli la hina. Kesho yake asubuhi alitoka amependeza kama bwana harusi anayeoa mara ya nne. Hina ile haikuwa ya Idi. Ilikuwa ya Bosi, ili asije siku moja akamtazama, akaona mzee, akamwambia, mwaka huu pumzika.

Hilo ndilo aliloliogopa kuliko yote. Mtu huyo hakuogopa polisi, hakuogopa maradhi, na Bosi, kafili wake aliyemdhamini nchini, alimbishia hadharani kuhusu chumvi. Aliogopa kitu kimoja tu, kuachwa nyumbani msimu wa windo. Nilikaa naye nyumba moja miaka saba, mimi ndani kwa Madam, mke wa Bosi, yeye kwenye jiko la wanaume, na kila vuli nilimwona akipita dirishani kwangu mara kumi kwa siku akisubiri aambiwe, haya, funga mizigo. Hakuna mwaka alioambiwa mapema. Bosi alikuwa mtu wa kusema jambo siku ya jambo lenyewe.

Jina lake nalijua, ila sina sababu ya kulitaja, maana hata nyumbani hakuna aliyelitumia. Madam na watoto walimwita Tabbakh, ndiyo hiyo hiyo mpishi. Mimi nilimwita Mzee. Kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, aliandikwa dereva, na mtu huyo hakujua kuendesha hata baiskeli. Alitoka Pemba, na hilo alihakikisha unalijua kabla hujaketi. Mimi nimetoka Voi, Mtaita, na kwake hilo lilikuwa jambo la kusikitisha ambalo Mungu angelirekebisha kwa wakati wake.

"Nyie Wakenya," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "Kiswahili mnakiendesha kama gari la kuazima. Hamna huruma nalo."

"Na nyinyi mnakipaki tu nje mkikipangusa," nikamjibu. "Sisi angalau tunafika kazini."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo akaniita mwanangu, na bakuli langu la mchuzi halikukosa nyama.

Kila mwaka joto likipungua nyumba nzima ilihamia Riyadh kwa miezi mitatu, kwa sababu Bosi ana biashara huko na Madam ana dada zake huko. Vifaa vya kambi vililala mwaka mzima katika ghala la Bosi huko Al-Sulay, katikati ya malori na vumbi la saruji: mahema, mazulia, matangi ya maji, na masufuria ambayo mbuzi mzima angeweza kulala ndani akajigeuza. Mpishi akifika Riyadh hakupumzika hata siku moja. Alikwenda Sulay, akafunua masufuria yake moja moja, akaingiza kichwa ndani na kunusa.

"Sufuria ni kama mke," alisema. "Ukimwacha miezi tisa, usitaraji akupokee kwa kicheko."

Aliyaosha mara tatu. Kisha, ili kuyajaribu, alipika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wote wa ghala, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chao bora cha mwaka. Mimi nilitumwa na Madam kuhesabu mablanketi, na nilijitahidi sana kuhesabu polepole, kwa sababu baada ya kula ndipo hadithi za msimu zilipoanza.

Alikuwa na kanuni zake. Ya kwanza, hadithi ya windo haisimuliwi na mtu mwenye njaa. "Mwenye njaa husema kweli," alieleza, "na kweli ya windo haina ladha. Mlikwenda, mkachomwa na jua, mkarudi. Nani atasikiliza hiyo?" Ya pili, kila msimuliaji ana haki ya uongo mmoja kwa msimu. Ukileta wa pili, unanyang'anywa gilasi ya chai. Dereva wetu, Msudani mmoja mrefu mwenye sauti ya muadhini, alinyang'anywa chai kila mwaka. Aliwahi kusimulia kwamba sungura wa jangwani aliruka juu ya boneti la Land Cruiser yake, akamtazama kupitia kioo, kisha akaruka upande wa pili. Watu waliukubali huo. Alipoongeza kwamba sungura huyo alikuwa yule yule wa mwaka juzi, gilasi ikaondoka.

Mpishi mwenyewe alisimulia kwa "sisi". Tulimwachia kipanga, tulimfuata hubara mpaka kwenye bonde, tulimpoteza, tulimpata. Hubara ni ndege mwenye shingo ndefu anayekuja huko kutoka nchi za baridi, mkubwa kuliko kuku, na kwa Waarabu wa huko kumnasa kwa kipanga ni sifa ya kuongelewa mwaka mzima. Basi ungemsikia Mpishi ungedhani kipanga alitua kwenye mkono wake. Wafanyakazi wapya walimtazama kwa heshima kubwa. Sisi wazoefu tulingoja apumue.

"Mzee," nilimuuliza mara moja, "huyo hubara akikamatwa wewe ulikuwa wapi hasa?"

"N'likuwa nakata vitunguu," akasema bila aibu. "Lakini roho yangu ilikuwa mbele ya gari."

Hajawahi kushika bunduki maishani mwake, na alimwogopa kipanga. Alimwogopa kikweli, alikuwa akipita upande wa pili wa uwanja. Nyumbani kwa Bosi kipanga ana chumba chake chenye kiyoyozi na ana pasipoti yake, yenye picha, na pasipoti hiyo haijawahi kufungiwa kwenye kabati la mtu kama yangu. Mpishi alimsalimia kwa mbali, kwa adabu, kama mkwe.

Na nyama ya windo hakula. Hili lilinishangaza miaka mingi. Anawapikia watu thelathini hubara na sungura, sahani zinarudi zimerambwa, yeye anakwenda nyuma ya hema na wali wake na dagaa wa kopo. Nilipombana akasema, "Ndege yule kasafiri kutoka kwenye theluji huko, kavuka milima na bahari, aje afie kwenye sahani yangu? Miye namwonea haya."

"Lakini unampika."

"Kumpika namheshimu. Kumla ningemzowea."

Kwa upande mwingine alikuwa na kiburi cha upishi ambacho kingetosha mahoteli matatu. Alipokea karafuu kutoka kwao kila mwaka, zikiwa zimefichwa ndani ya soksi za mtu anayekuja Umra, na kwenye kambi alipika wali alioupika mama yake. Wageni wa Bosi waliusifu wakasema hakuna kabsa, wali wao wa nyama, kama hii katika Ufalme wote. Hakuwasahihisha. "Miaka ishirini wanakula pilau ya Pemba," alinong'ona, "na wanadhani wako kwao."

Lakini mtu huyu wa vicheko na uongo mmoja kwa msimu alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, na ndilo lililomjulisha kwa wawindaji wote wa upande ule. Kabla hajanyonyoa unyoya mmoja, aliuliza.

Mnyama akiletwa kambini angali hai, hapakuwa na swali. Mpishi alimwelekeza kibla, akasema Bismillahi yake, akachinja, kazi ikaisha. Ila ndege wengi hufika wameshakufa makuchani mwa kipanga. Nyama ya hao inategemea mwindaji, kama alilitaja jina la Mungu wakati wa kumwachia kipanga wake. Basi Mpishi alisimama mbele ya hema la jiko, ndege mkononi, akamtazama mwenyewe usoni, awe tajiri, awe jenerali, awe Bosi, akamuuliza: "Ulisema Bismillahi?" Ukisema ndiyo, anapika. Hakuhoji zaidi. "Miye si mpelelezi," alisema. "Kama kanidanganya, watakutana yeye na uwongo wake huko mbele, wawili peke yao." Ukisema nimesahau, ndege wako anakwenda kuliwa na vipanga, na wewe unakula adesi, zile dengu ndogo bapa.

Mimi Mkristo, lakini jambo hilo sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu Voi, baba yangu ni mzee wa kanisa, na hatujawahi kufanya harusi bila kumwita jirani yetu Mwislamu aje achinje, ili asikae mtu kwenye sherehe yetu akiitazama sahani tu. Nilipomwambia Mpishi hivyo alifurahi kupita kiasi, akasema baba yangu ana Kiswahili kizuri kuliko mimi. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Skiza, mwanangu. Kwetu sisi, mtu akisahau, mashekhe wengi wanasema kasamehewa, nyama yalika. Wengi wa huku wanasema kwenye windo hakuna kusahau. Ingekuwa wanangu, ningewapikia bila wasiwasi. Lakini mgeni humpikii kwa imani yako. Wampikia kwa yake."

Hata hadithi yake kubwa kuliko zote ilitokea jikoni. Siku hizi huko kuwinda swala ni marufuku, na wale wazee wanaosimulia windo la swala wanasimulia enzi za ujana wao. Mchana mmoja wawindaji wote walikuwa wamekwenda, na Mpishi alikuwa peke yake na beseni la mchele alioroweka. Akasikia kishindo kidogo, akageuka. Swala.

"Tukatazamana," aliniambia, na alikuwa amenong'ona ingawa tulikuwa Aziziya, jikoni, milango imefungwa. "Akaja mpaka kwenye beseni. Akanywa maji ya mchele wangu, akaniangalia hivi, kama bwana afya aliyekuja kukagua. Miye n'na upawa mkononi. Sikupumua. Kisha huyo, kaondoka zake."

Hapo mwindaji wa kweli angepiga simu. Mpishi alichukua ufagio. Miongoni mwa wageni palikuwa na vijana wenye magari mapya, wa aina ya kuona nyayo wakasahau sheria, naye alizijua nyayo za swala zitaonekana kuanzia mlangoni mwa jiko lake. Akazifagia. Alifagia jangwa kutoka kwenye beseni mpaka nyuma ya kilima, kiuno kikamkatika. Wawindaji waliporudi wakakuta mchanga umefagiwa mstari mrefu unaokwenda kusikojulikana, wakamuuliza ni nini hiki.

"N'kawambia, wageni wanakuja, nasafisha uwanja."

Walimcheka wiki nzima. Mpemba anafagia jangwa! Walifika hadi Riyadh wakimwigiza kwa ufagio. Naye alikaa kimya akachekwa, mtu ambaye hakuwahi kukaa na hadithi tumboni hata nusu siku. Aliniapisha nisimwambie mtu. Baadaye nikaja kugundua kwamba kila Ijumaa, kule Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwenye mkahawa wa chai wanakokutana wazee wa Kizanzibari, alikuwa akiisimulia mwenyewe bila kuombwa, na swala huyo kila Ijumaa pembe zilirefuka. Nilipomlaumu akasema wazee wa Balad hawahesabiki, hakuna kati yao anayeweza kumkimbiza hata kuku.

Sasa nifike kwa Bosi Mdogo.

Bosi Mdogo ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile, na sitaki mtu amchukie, kwa sababu hana ubaya. Ni kijana mchangamfu, aliyesoma nje, aliyenisaidia kubeba mtungi wa gesi siku ambayo hakuna aliyekuwa akimwona. Ila alikuwa na ugonjwa wa simu. Kama hakikurekodiwa, kwake hakikutokea. Bosi alipoanza kuumwa mgongo alimkabidhi mwanawe msimu wa windo, na mwaka wake wa kwanza wa uongozi aliwaalika marafiki zake pamoja na rafiki wa marehemu babu yake, mzee mmoja wa Riyadh anayeheshimiwa hivi kwamba watu husimama anapokohoa.

Yaliyofuata nilihadithiwa na dereva mara tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hadithi zote tatu zilifanana.

Bosi Mdogo alirudi na hubara mkubwa, amekufa. Mpishi akampokea, akauliza swali lake. Wageni wote wapo, yule mzee ameketi, ananawa mikono.

"Bila shaka nilisema," akajibu Bosi Mdogo.

Hapo mambo yangeisha. Mpishi alikuwa ameshageuka kwenda jikoni. Lakini kijana aliona vibaya kuulizwa mbele ya marafiki zake na mtu wa jikoni, akataka amweke mahali pake kabisa. "Ngoja," akasema. "Nina ushahidi." Akatoa simu, akapandisha sauti hadi mwisho, akawaonyesha watu wote video.

Upepo unavuma. Mkono wenye glovu unaonekana. Kofia ya kipanga inavuliwa. Na sauti ya Bosi Mdogo, safi kabisa, inasema: "Yalla, piga! Unarekodi? Unarekodi? Uso wangu unaonekana?" Kipanga huyo, amekwenda. Jina la Mungu halikutajwa mwanzo, katikati, wala mwisho. Rafiki mmoja, akitaka kuokoa jahazi, akasema, "Lakini hapo mwishoni mimi nimesema Wallahi, nimesikika." Yule mzee alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamdondokea kwenye maji ya kunawia.

Mpishi hakucheka. Dereva anasema hata uso hakuubadilisha. Alimweka hubara kando kwa ajili ya vipanga, akapika adesi kwa ndimu na bizari, na watu walikula wakivunjika mbavu. Bosi Mdogo hakula.

Ile video ilifika Riyadh kabla yao. Madam aliniita sebuleni kunionyesha, machozi ya kicheko yanamtoka, na mimi nilicheka pia, sasa ningefanyaje? Lakini kijana aliporudi niliuona uso wake, nikajua nani atalipia kicheko hicho.

"Halas, basi," Bosi Mdogo alisema kule Sulay, mbele ya wafanyakazi wote. "Mwakani tunaleta wapishi wa kukodi. Tabbakh kwenye kambi, mafi, hakuna tena."

Mpishi alidhani ni hasira za siku moja. Sote tulidhani hivyo. Mwaka ukazunguka, nyota ikaonekana, na siku moja akatoka chumbani kwake na ndevu nyekundu kuliko mwaka wowote, akapita dirishani kwangu, akapita tena. Siku ya kuhamia Riyadh alikuwa wa kwanza kusimama getini, mzigo wake umefungwa kamba, visu vimo ndani ya kitambaa. Bosi mwenyewe, mtu mzima, hakuweza kumwangalia. Alimpa funguo.

"Baki uangalie nyumba," akamwambia. "Na maua yamwagiwe."

"Inshallah, baba," Mpishi akasema.

Niliingia garini. Nilipogeuka nyuma nilimwona anaufungua ule mzigo pale pale getini, taratibu, anavitoa visu, na sikuwahi kuona kitu kilichoniuma vile katika nyumba ile, na niliona mengi. Nililia mpaka barabara kuu. Madam akaniuliza kama nimepewa habari mbaya kutoka nyumbani, nikasema ndiyo.

Msimu ule mkataba wangu uliisha. Tiketi yangu ya kurudi Kenya ilikuwa ya kutokea Jeddah, kwa hiyo nilishuka siku mbili kabla, na Ijumaa baada ya alasiri nikaenda Balad kununua zawadi na kumuaga Mzee wangu. Nilimkuta kwenye mkahawa ule ule, chini ya nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kati ya wazee wenzake wanne. Hina ilikuwa imefifia katikati, ndevu zina rangi mbili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mtaita huyu," akawaambia wenzake, "anaondoka kabla hajajua kusema."

Mzaha ulikuwa ule ule, ila sauti haikuwa ile. Mzee mmoja akamwomba asimulie ya swala, ili nimsikie mara ya mwisho. Akakataa. Akasema hadithi za windo ni za mtu anayekwenda windoni. Mwenzake akasema, "Basi tangu lini wewe ulikwenda? Si ulikuwa ukikata vitunguu?" Wakacheka, na Mpishi akatabasamu kidogo tu, akaizungusha gilasi yake ya chai bila kuinywa.

Simu yake ikaita. Alikuwa dereva, kutoka kambini, na alivyo na sauti ile hakuhitaji spika, ingawa Mpishi aliiweka simu mezani akaibonyeza ili sote tusikie.

"Ya Tabbakh, tuokoe!" dereva alisema kwa Kiarabu cha kwao. "Chakula kiko mezani, na hakuna mtu anayekula!"

Ilikuwa hivi. Wapishi wa kukodi walikuja na kofia ndefu nyeupe na taa za umeme. Chakula kikaandaliwa vizuri, hubara na sungura juu ya wali. Yule mzee mheshimiwa akanawa, akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. Akauliza, "Nani amewauliza?" Watu wakatazamana. Mpishi mwenye kofia akasema yeye ameletewa nyama, amepika. Mzee akaurudisha mkono wake magotini. "Kama hakuna aliyeuliza," akasema, "nipikieni adesi." Adesi hawakuwa nayo. Na yeye akiwa hali, nani mwingine angethubutu kula?

"Sasa wewe unataka miye nifanye nini, niko Balad?" Mpishi akauliza.

"Uliza," dereva akasema. "Wote wako hapa. Uliza kwa simu."

Mpishi akakaa wima. Akaweka kofia yake sawa. Hata mwenye chai alisimama na birika lake akisikiliza. Simu ikapitishwa huko jangwani mkono kwa mkono, na kila mwindaji akamtajia windo lake, naye akamuuliza kila mmoja kwa zamu, bila haraka, kama vile yumo hemani mwake. Wa kwanza alisema ndiyo. Wa pili ndiyo. Wa tatu akasema ndiyo wallahi, na akaombwa asiape. Wa nne ndiyo. Kisha tukasikia upepo tu.

"Mimi huyu," ikaja sauti ya Bosi Mdogo. "Hubara yule mkubwa ni wangu. Nilisahau. Safari hii hata simu sikuwa nayo mkononi. Nilisahau tu."

Mpishi alifumba macho. "Ahsante kwa kusema kweli, mwanangu," akamwambia. "Wako mtoeni, wape vipanga. Wengine kuleni, Mungu awabariki."

Huko wakaanza kusogeza sahani, tukazisikia. Nilidhani yameisha, lakini Bosi Mdogo hakukata simu.

"Tabbakh," akasema, kwa sauti ya chini. "Njoo."

"Kambi ina mpishi."

"Wa kupika yupo. Wa kutuuliza hatuna. Kuna gari linatoka Jeddah kesho asubuhi. Utakuja?"

Wazee wote wanne waliinua mikono kumwashiria aseme ndiyo. Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko bila kujua. Mpishi akaifunika simu kwa kiganja.

"Miaka ishirini," akatwambia, "miye ndiye niliyekuwa nangoja waniambie. Hebu leo wangoje wao kidogo."

Akaichukua gilasi yake ya chai, ambayo ilikuwa imeshapoa, na akainywa. Aliinywa yote, funda kwa funda, akilifurahia kila moja, na machozi yanamteremka hadi kwenye ndevu na yeye hana habari nayo. Chini ya kiganja chake tulimsikia mtu akiuliza, "Amekata?" na mwingine akijibu, "Nyamaza, yupo."

Akaiweka gilasi chini. Akaondoa mkono.

"Nitakuja," akasema. "Lakini miaka yote hii mmenipakia nyuma, na masufuria. Kesho nakaa mbele."